Mboni za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimefundisha retina mbele ya ukuta. Si mzaha. Wanafunzi arobaini wa udaktari wamo ndani ya kompyuta, kila mmoja na kiboksi chake, na kila kiboksi ni cheusi. Nikauliza swali. Kimya. Nikaliuliza tena kwa sauti ya upole. Kimya. Mwishowe nikasema vizuri sana, jibu zuri hilo, tuendelee. Nilikuwa najisifu mwenyewe. Nilipowaaga wakatoka wote isipokuwa mmoja. Nikafurahi, nikadhani ana la kuuliza. Alikuwa anakoroma! Huyo nimempa jina la Bwana Usingizi.

Zamani nilifundisha macho kwa kuwashika wanafunzi mabega na kuwasogeza kwa mgonjwa. Tangu janga lianze wodini hawaingii, ukumbi umepigwa kufuli, nami nimehamishiwa chumba cha kulala. Sebule ameichukua mke wangu, ambaye ni mhasibu, maana ndiko mtandao unakoshika. Mimi nimeachiwa kona iliyo kati ya kabati na kitanda. Nikinyoosha mkono nagonga mlango wa kabati, na wanafunzi wanadhani nimepata mgeni.

Kisha likaja tangazo la Mkuu wa Kitivo. Kila kozi fupi ithibitishe kwamba inafundishika kwa mbali. Mtihani ni Jumatatu ijayo, na yeye mwenyewe atahudhuria. Kozi itakayoanguka itaunganishwa na nyingine. Yangu itaunganishwa na Masikio, Pua na Koo. Yaani niwe chini ya Daktari wa Masikio! Yule bwana mwenye tai za rangi rangi, anayecheka kabla hajamaliza mzaha wake! Macho yawe chini ya masikio! Muumba mwenyewe alipopanga kichwa hakupanga hivyo.

Haitatokea. Nina akili, na nina siku chache.

Asubuhi mama mkwe alimimina chai pembeni ya kikombe, upande wake wa kushoto, ikanimwagikia mapajani. Alikuja kutusalimu kwa wiki moja, usafiri ukasimamishwa, bado yuko nasi. Nahisi alikuwa ananikumbusha kwamba nilichelewa kumwamkia. Nikajitia hamnazo. Mkwe ni mkwe.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata mbinu! Kwa nini nichoke kuzungumza na ukuta? Jana jioni nilijirekodi nikieleza mtoto wa jicho, mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimevaa koti na tai. Leo saa ya somo nikaifungulia ile video, kama vile ni mimi ninayefundisha papo hapo. Nikajilaza kitandani kwa raha zangu na bakuli la karanga.

Mambo yakaenda vizuri. Nilijisikiliza. Nina sauti nzuri, lazima nikiri.

Kumbe maiki sikuizima. Wanafunzi arobaini walikuwa wanatazama uso unaoeleza lenzi iliyofifia, huku wanasikia mtu anatafuna. Mwanafunzi mmoja, msichana asiyejua kunyamaza, ninayemwita Bi Maswali, akauliza kama daktari yuko salama. Uso ukaendelea kueleza lenzi. Akauliza tena, kwa hofu sasa, kama kuna mtu anaweza kumfikia daktari, maana mdomo wake unasema jambo moja na meno yake yanafanya jingine. Wengine wakaanza kusema ni kiharusi. Mmoja akataka kupiga simu ya gari la wagonjwa.

Nilikurupuka kutoka kitandani nikiwa na fulana. Kwa hiyo wakaona madaktari wawili. Mmoja na tai, mwingine na maganda ya karanga kifuani.

Kabla ya saa sita Daktari wa Masikio alikuwa ameshanitumia ujumbe. Anasema amesikia kuwa nina tatizo la sauti, na kwa kuwa sauti ndiyo fani yake, nisione haya kumwomba msaada. Nimemjibu asante sana ndugu yangu. Nilivyoiandika hiyo ndugu yangu, meno yalikuwa yanasagana.

Jumatano, 6 Mei

Vitendo! Ndicho kinachokosekana. Wanafunzi wa tiba wanataka kuona kitu kikikatwa.

Nikavaa barakoa, nikaenda kwa muuza nyama kuomba jicho la ng'ombe. Akaniuliza ni la supu? Nikamwambia ni la elimu. Akanipa bure, nadhani kwa huruma. Nikaliweka ndani ya friji, kwenye kile chombo cha mke wangu chenye kifuniko cha bluu.

Saa nne mke wangu alikuwa kwenye kikao na wakubwa wake. Akaenda kuchukua limau kwa ajili ya koo. Akafungua kifuniko cha bluu. Wakubwa wake wote walisikia. Wafanyakazi wenzake wakamshauri apumzike kidogo. Alipomaliza kikao akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwamba siku moja atafungua friji anikute mimi humo.

Somo lenyewe sasa. Ubao wa kukatia vitunguu juu ya kitanda, kisu kikali, kamera imeelekezwa vizuri. Nikabonyeza. Jicho likateleza, likaruka, likapita mlangoni likiviringika, likasimama katikati ya ujia. Nikawaambia wanafunzi wasubiri. Nikatoka mbio. Mama mkwe alikuwa anatoka uani na ndoo. Nikapaza sauti. Yeye akageuka kunisikiliza, akakanyaga. Basi.

Akasema hakuliona. Hakuliona! Jicho la ng'ombe, sakafu nyeupe, upande wake wa kushoto, wazi kabisa! Hata kipofu angeliona. Aliomba radhi sana na kuniuliza kama litatengenezeka. Nikasema haidhuru mama. Moyoni nilikuwa nachemka, maana muuza nyama alisema la pili hatapata mpaka wiki ijayo.

Bi Maswali alitaka kujua kama sauti waliyoisikia ndiyo sauti ya kawaida ya jicho kupasuka.

Alhamisi, 7 Mei

Maji yamezidi unga. Zimebaki siku mbili za kufundisha, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuona mboni ya mtu ikisinyaa kwenye mwanga. Wapi wataiona? Nimewaomba wamulikane huko nyumbani. Wakaleta picha za giza tupu. Macho yetu mengi ni meusi, na mboni nyeusi ndani ya jicho jeusi kwenye simu ya kawaida ni sawa na kutafuta kunguru usiku.

Nikajaribu macho yangu mwenyewe. Nikajimulika kwa tochi kubwa, mbele ya kioo, kwa bidii. Matokeo: nilitembea kwa kupapasa mpaka saa ya chakula, na nilimwamkia feni.

Lakini kuona kuliporudi, kitu cha kwanza nilichokiona ni mama mkwe akiwa dirishani anachambua mchele. Jua lilimpiga usoni. Macho yake! Ya rangi ya asali! Mboni zinaonekana kama vifungo kwenye shati! Miaka yote hii hazina hii iko ukweni kwangu na sikuijua, kwa sababu mkwe hatumbuliwi macho hivi hivi. Namwamkia nikiangalia viatu vyake.

Sikumwomba mwenyewe, sina ujasiri huo. Nikamtuma mke wangu. Akarudi na jibu kwamba mama amekubali, tena kwa furaha, maana anachoka kukaa bure. Ila na yeye ana ombi lake. Anasema mwanawe daktari, yaani mimi, amtazame macho siku moja, kwa sababu siku hizi vitu vinamtokea upande wa kushoto bila hodi. Milango inamgonga. Watu wanachomoza. Chai inakosa kikombe.

Watu bwana! Kila wema una bei. Nikamwambia mke wangu amwambie bila shaka, nitamtazama kwa nafasi, mtihani ukishapita. Hayo ya kushoto ni utu uzima tu. Mke wangu akaniuliza kwa nini nisimtazame leo, mimi si ndiye daktari wa macho? Nikamweleza kwa subira kwamba leo niko kazini.

Ijumaa, 8 Mei

Siku kuu ya maisha yangu! Niandike upesi kabla furaha haijapoa.

Kule kliniki tuna mashine ambayo mgonjwa huegemeza kidevu ili kichwa kisitikisike. Mimi nimeunda yangu. Meza ya kupigia pasi, ambayo hupanda na kushuka. Juu yake vitabu vitatu vya tiba, kile kinene kabisa juu, na taulo ili kidevu kisiumie. Simu nimeifunga kwenye mpini wa ufagio, na ufagio nimeubana kwenye droo. Mke wangu aliona akafunga mlango.

Mama mkwe akakaa, kavaa vizuri kama anakwenda harusini. Picha ikatokea. Mboni mbili, kubwa, safi, zimejaa skrini. Na hapo ndipo yakatokea maajabu. Kiboksi kimoja kikafunguka. Kingine. Kingine. Kamera zinawashwa! Nikaona nyuso za wanafunzi wangu kwa mara ya kwanza tangu janga lianze. Vijana wenye vitanda visivyotandikwa nyuma yao, mmoja na mtoto mgongoni, mmoja yuko jikoni. Hata Bwana Usingizi alikuwepo, na alama ya mto shavuni. Nilitaka kulia. Mama mkwe akawauliza kama wamekula. Wakajibu kwa pamoja, tumekula bibi. Mimi nimewauliza maswali mangapi na sijajibiwa kitu!

Nikafundisha jaribio la tochi. Ni rahisi na ni zuri. Unamulika jicho moja, mboni zote mbili zinasinyaa. Unahamisha tochi upesi kwenye jicho la pili, mboni zinabaki zimesinyaa. Unarudi la kwanza, vilevile. Lakini kama mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho moja ni mgonjwa, ukiuletea mwanga mboni inafanya kinyume. Badala ya kusinyaa inapanuka, kwa sababu jicho lile haliupati ule mwanga ipasavyo. Mboni haidanganyi, niliwaambia. Mgonjwa anaweza kukudanganya, mkewe anaweza kukudanganya, mboni haiwezi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya pasi, tochi mkono mmoja, karatasi za slaidi zangu mkono wa pili. Nikamulika, nikahamisha, nikarudi, huku nasoma slaidi.

Bi Maswali akanyoosha mkono. Anasema jicho la kushoto la bibi linapanuka.

Nikamwambia ni kamera. Simu za siku hizi hujirekebisha mwanga zenyewe. Akasema kama ni kamera mbona la kulia halipanuki. Nikamwambia pia kwamba kamera hugeuza picha kama kioo, kwa hiyo kushoto unakokuona wewe ni kulia, na kwa kuwa mgonjwa ametukabili, kulia kwake ni kushoto kwetu, kwa hiyo kushoto kule kunarudi kuwa... Hapa nilipotea kidogo. Nilijikuta nina kushoto tatu na kulia hakuna. Akangoja nimalize, kisha akasema kwa adabu zote kwamba hata liwe la kushoto au la kulia, moja linapanuka.

Akaniomba nisogee nitazame mwenyewe.

Eti nimkaribie mama mkwe na kumkodolea macho pua kwa pua, mbele ya watoto! Nikamwambia kozi hii ina daktari mmoja, na huyo daktari anasema macho haya ni ya kawaida. Andikeni: kawaida. Wakaandika.

Mama mkwe alifurahi sana. Aliuliza kama Jumatatu pia atakuja.

Jumatatu, 11 Mei

Mbinu ya mtihani ilikuwa hivi, na nasema ilikuwa ya kifundi. Swali kubwa, lenye nusu ya alama, ni video ya somo la Ijumaa, ambalo nililirekodi. Tazama jaribio la tochi, eleza unachokiona. Jibu nilishawapa mdomoni: kawaida. Kazi yao ni kumeza tu. Watafaulu wote, Mkuu wa Kitivo atapiga makofi, Daktari wa Masikio atakwenda kuzibua masikio yake.

Asubuhi wote wawili walikuwepo kwenye skrini. Mkuu ni daktari wa uzazi, mama asiyecheka. Masikio alivaa tai ya manjano. Mtihani ukafanyika bila mushkeli, mtandao haukukatika, nikaanza kusahihisha nikiwa napiga mluzi.

Karatasi ya kwanza: mboni ya jicho la kushoto inapanuka, mshipa wake una ugonjwa, mgonjwa apimwe haraka. Nikacheka. Bi Maswali, bila shaka. Nikampa sifuri.

Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Mluzi ukanikauka. Nimefika mwisho. Wote wameandika kushoto, wote wameandika ugonjwa, wengine wamepigia mstari neno haraka. Nimewaangusha wote. Amefaulu mmoja tu, aliyeandika kawaida kama nilivyofundisha.

Bwana Usingizi.

Kwa nini wananifanyia hivi? Nimewakosea nini? Niliwapa jibu! Nilikaa kitandani nikitazama ile orodha ya sifuri na nikajisikia mzee. Kozi imekwenda. Nimefundisha macho nusu ya umri wangu na nitamalizia kwenye nta ya masikio. Mke wangu alileta chai, nikamwambia kila kitu. Akaniuliza swali moja tu, eti kama watu wote hao wameona jambo lilelile, je, mimi nimetazama? Nikamwambia ahangaike na mahesabu yake.

Jumanne, 12 Mei

Wanafunzi wamelalamika kwa Mkuu. Tumeitwa kwenye kikao cha mtandao, mimi, Mkuu na Masikio. Nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa na maelezo kuhusu kamera, kuhusu vioo, na kuhusu utovu wa nidhamu wa kizazi hiki.

Mkuu akasema tuitazame video kwanza, bila maneno. Akaikuza mpaka ikajaa skrini.

Sikuwa nimewahi kuitazama. Ukweli ndio huo. Niliifundishia, niliitungia mtihani, niliisahihishia, lakini kuitazama, hapana. Nilijua kilichomo.

Tochi ikaja kulia, mboni ikasinyaa. Ikahamia kushoto, mboni ikafunguka, pole pole, kama mlango. Ikarudi kulia. Ikarudi kushoto. Ikafunguka tena.

Kisha Masikio akasema hata yeye wa masikio ameliona. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikaanza habari ya kamera. Mkuu akanikatiza akaniuliza mgonjwa huyu ni nani. Nikasema ni mama mkwe wangu. Akauliza yuko wapi saa hizi. Nikasema yuko jikoni, anaimba. Akaniuliza basi mimi bado nimekaa hapa nafanya nini.

Nikafunga kompyuta.

Jumatano, 13 Mei

Nilimpeleka jana hiyohiyo. Kliniki ni tupu, viti vimegeuzwa juu ya meza, tulikuwa sisi wawili na barakoa zetu. Nikamkalisha kwenye mashine ya kweli. Nikasogea. Pua kwa pua. Nimemwoa binti yake miaka mingi, na jana ndiyo mara ya kwanza kumtazama mama yule machoni.

Ni presha ya macho. Ugonjwa huu ndio ule ninaowaambia wanafunzi kila mwaka kwamba hauumi, hauwashi, unaiba kuona kimya kimya, na ukishachukua haurudishi. Jicho la kushoto mshipa umelika karibu wote. Kimebaki kipande kidogo cha kuona katikati. La kulia presha imepanda lakini mshipa bado mzima kiasi. Hilo litaokoka, kama dawa itaingia kila siku bila kukosa.

Akaniuliza kama huko ndani ni kubaya. Nikajifanya nafuta lenzi ya mashine. Akanifariji yeye! Akasema nisihangaike, kosa ni lake. Alihisi mambo si sawa tangu siku nyingi, lakini kila alipotaka kulalamika alijiambia, mimi naishi nyumba moja na daktari wa macho, ningekuwa mgonjwa mwanangu angeshaniona.

Nilienda chooni nikalia mpaka barakoa ikalowa. Sioni haya kuandika. Vitu vilimtokea upande wa kushoto bila hodi, alisema hivyo hasa, kama kitabu, na mimi nikasema kwa nafasi.

Nimempa kichupa kidogo cha dawa tulichokuwa nacho. Jioni nimemtia mwenyewe, macho yote mawili. Mke wangu hasemi na mimi. Ana haki.

Ijumaa, 15 Mei

Mkuu amepiga simu. Alama zimebadilishwa. Wote wamefaulu, ameanguka mmoja. Bwana Usingizi atarudia.

Na kozi imebaki! Macho yanabaki macho! Mkuu anasema kama wanafunzi waliofundishwa kwa simu iliyofungwa kwenye ufagio wanaweza kugundua ugonjwa mkubwa namna hii, na kuushikilia hata walipoambiwa wanyamaze, basi somo liliwaingia. Anataka Bi Maswali aeleze kisa hiki kwa wenzake.

Nimekaa na aibu yangu asubuhi nzima. Mchana ikaanza kupungua. Nikafikiri. Wanafunzi waligundua, sawa. Lakini nani aliwafundisha jaribio la tochi? Nani alisema mboni haidanganyi? Nani aliunda mashine kwa meza ya pasi? Kwa maana fulani, ukilitazama jambo kwa upana, aliyegundua ugonjwa wa mama mkwe ni mimi, kwa kupitia macho ya wanafunzi wangu. Na kule kuwaambia ni kawaida, je, halikuwa jaribio la kuwapima msimamo? Huenda lilikuwa. Mtu haijui akili yake yote.

Nimempigia Mkuu nikamshauri kwa unyenyekevu kwamba Bi Maswali bado ni mdogo, na kisa kama hiki kinahitaji mtu mzima. Aliguna. Nadhani alikuwa anakubali. Akasema basi nizungumze na walimu wenzangu Jumatatu, somo liwe yale niliyojifunza.

Jumatatu, 18 Mei

Walimu wa vitivo vyote! Hata wa sheria! Kichwa cha mhadhara nimekitunga mwenyewe, kina uzito: Daktari Amtazame Mgonjwa, Asitazame Skrini.

Nimeamka mapema kupanga slaidi. Kile kichupa kidogo cha dawa kiliisha jana, mke wangu kapata kikubwa asubuhi hii kwa shida, amekiacha mezani na kunikumbusha nimtie mama kabla ya saa nne, yeye yuko kwenye vikao. Nikasema hilo halina haja ya kukumbushwa.

Saa tatu mama mkwe akabisha hodi, kichupa mkononi. Nikamwambia dakika moja mama, nafanya mazoezi ya sauti. Akabisha tena. Nikamwambia amefika wakati mzuri, asimame pale penye mwanga akishike kichupa, nahitaji picha yake kwa slaidi ya mwisho. Nikapiga nyingi. Kwenye nyingi anatazama kabati badala yangu, lakini moja imetoka vizuri sana. Akashukuru akaenda. Muda ulikuwa umekwisha, ikabidi nianze.

Nilianza kwa kishindo. Masikio alikuwepo, tai ya zambarau, anasikiliza kwa makini. Nilipofika sehemu ya kugusa mioyo, sura yangu ikaganda na mdomo wazi. Mtandao! Nani anakula mtandao wangu? Nikatoka kama mshale.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, kwenye kona ya kochi, kichwa kaegemeza nyuma, simu kaisimamisha kwenye mtungi wa maua. Ndani ya simu, Bi Maswali. Anamwelekeza kwa video! Sijui namba za simu walipeana lini. Bibi tazama juu, bibi vuta kope ya chini, tone moja tu. Mke wangu kasimama nyuma ya kochi, kakiacha kikao chake, kamshikia mama yake kichwa. Hakuna hata mmoja aliyenitazama.

Niliwaeleza kwa heshima kwamba nina walimu wa vitivo vyote wananisubiri, na video inakula mtandao, na waikate mara moja. Bi Maswali akasema wamemaliza la kushoto, limebaki la kulia. Mama mkwe akasema haya mwanangu, kazi ni kazi, akakifunika kichupa. Nikamwambia asante mama, hilo la kulia lingoje kidogo, halina haraka.

Mtandao ukarudi vizuri. Nikaendelea pale pale nilipokuwa nimegandia, kwenye slaidi yangu bora kuliko zote, ile yenye maneno mawili makubwa mekundu: Mgonjwa Kwanza.